Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Kweli Cayenne Ndiyo Iliyoiokoa Porsche?

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi kwamba Porsche, kampuni iliyojipatia jina kwa magari madogo ya michezo, siku hizi inauza zaidi SUV, yaani yale magari marefu ya kifahari ambayo familia nzima huingia pamoja na mizigo yake, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa Cayenne. Habari hiyo imezaa barua nyingi, na baadhi zimeandikwa kwa uchungu. Nimechagua tano zinazogusa kiini cha jambo lenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaipenda Porsche 911, gari lao la michezo, tangu nikiwa mwanafunzi, na kila ninapobishana na wenzangu kuhusu Cayenne huniambia kwamba bila gari hilo kampuni ingekuwa imekwisha kufa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwaje watengenezaji wa magari ya michezo wahitaji kuokolewa na gari la familia? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wamesema nusu ya ukweli. Porsche ilikaribia kufa, hilo halina ubishi, lakini ilikuwa imekwisha kuruhusiwa kutoka katika chumba cha mahututi miaka kadhaa kabla ya Cayenne kuonekana barabarani, na anayetaka kuelewa kwa nini gari hilo lilifanikiwa hana budi kuanza na yale yaliyotangulia.

Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya magari ya Porsche yalikuwa yakinunuliwa Marekani, wakati ambapo dola moja ilifika kubadilishwa kwa zaidi ya mark 3 za Ujerumani, na kwa hiyo Mmarekani aliliona gari la Stuttgart, mji wa Porsche nchini Ujerumani, kuwa la bei nafuu likilinganishwa na hadhi yake. Dola ilipoporomoka hadi karibu mark moja na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku uchumi wa Marekani nao ukiyumba, wanunuzi wakatoweka. Kampuni iliyokuwa imeuza zaidi ya magari 50,000 mwaka 1986 ikajikuta inauza takribani 14,000 mwaka 1993. Kibaya zaidi, kiwanda chenyewe kilikuwa kinafanya kazi kwa gharama kubwa mno, kwa kuwa 911, 928 na 968 yalikuwa magari ya aina tatu ambayo hayakushirikiana karibu chochote: kila moja lilitaka injini yake, bodi yake, taa zake na milango yake.

Wendelin Wiedeking, mhandisi aliyeshika uongozi mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 40, aliwaita washauri wa Kijapani waliowahi kufanya kazi Toyota ili wawafundishe watu wake namna ya kutengeneza magari bila kulundika vipuri. Kuna tukio moja la wakati huo ambalo kwangu linaeleza mengi kuliko hesabu zozote. Mafundi wa kuunganisha injini walikuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa kufuata vipuri vilivyopangwa kwenye rafu zilizomzidi mtu kimo, na Wiedeking akashika msumeno wa umeme mbele ya wafanyakazi wake, akazikata rafu hizo, ili pasibaki tena mahali pa kurundika akiba ambayo haikuhitajika siku hiyo. Kutokana na nidhamu hiyo ilizaliwa Boxster ya mwaka 1996, gari la michezo la viti viwili, na baada yake 911 mpya ya mwaka 1997, magari mawili yaliyotumia milango ile ile, taa zile zile na karibu sehemu yote ya mbele ile ile. Boxster ndiyo iliyomponya mgonjwa.

Sasa, kwa nini kampuni iliyopona ikaingia katika SUV? Kwa sababu bado ilikuwa na magari ya aina moja kwa mteja wa aina moja. Mtu anapoona biashara yake inayumba, gari la viti viwili ndilo la kwanza kuahirishwa, na Porsche ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa kutegemea mkoba wa mteja huyo peke yake. Wakati huo huo, Wamarekani wenye uwezo wa kununua 911 walikuwa tayari wameegesha SUV kando yake nyumbani, ila lilikuwa gari la kampuni nyingine. Mercedes-Benz ilileta M-Class mwaka 1997 na BMW ikaleta X5 mwaka 1999. Porsche ilifikiria pia gari la abiria la umbo la kibasi na gari kubwa la milango minne, ikazungumza na Mercedes-Benz kuhusu kushirikiana bila kufikia mwafaka, na hatimaye mwezi Juni 1998 ikatangaza kwamba itashirikiana na Volkswagen kutengeneza SUV.

Cayenne ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Paris mwezi Septemba 2002, baada ya kiwanda kipya kujengwa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, ambako Wiedeking alikataa kupokea ruzuku ya serikali kwa hoja kwamba kampuni inayouza magari ya kifahari haipaswi kujengewa kwa kodi za wananchi. Matarajio yalikuwa kuuza takribani magari 25,000 kwa mwaka, nayo yakavukwa: hadi kizazi cha kwanza kinafungwa mwaka 2010, Cayenne zaidi ya 270,000 zilikuwa zimetengenezwa. Na kwa yule anayedai kwamba SUV iliua magari ya michezo, ninaomba akumbuke kwamba Carrera GT, gari la silinda 10 ambalo wapenzi wa mwendo wanaliheshimu mpaka leo, liliunganishwa kwa mikono katika kiwanda hicho hicho cha Leipzig kati ya mwaka 2003 na 2006, na nakala zake ni 1,270 tu. Gari kama hilo huwezi kulithubutu kama huna bidhaa nyingine inayoleta fedha kila mwezi. Mwaka 2024 Porsche ilikabidhi kwa wateja magari karibu 311,000. Kati ya hayo Cayenne zilikuwa karibu 103,000, Macan, ambayo ni SUV ndogo zaidi iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, karibu 83,000, na 911 karibu 51,000. Hizo 911 ni nyingi kuliko zilivyowahi kuwa katika miaka ile ya dhiki, wakati kampuni nzima ilipokuwa haifikishi hata theluthi ya hesabu hiyo.

Lipo jambo jingine linalosahauliwa. Utajiri nao ulileta majaribu yake. Kuanzia mwaka 2005 Porsche, ikiwa na faida nono, ilianza kununua hisa za Volkswagen, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko yenyewe mara nyingi, na kufikia mwaka 2009 ilikuwa imejitwika madeni ya zaidi ya euro bilioni 10. Wiedeking aliondoka mwezi Julai mwaka huo, na mwaka 2012 biashara nzima ya magari ya Porsche ikawa chini ya Volkswagen. Kwa hiyo, ukiniuliza ni nini kilichoondoa uhuru wa kampuni hiyo, sitaitaja SUV, nitataja mkopo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa magari. Mwalimu wetu anasema Cayenne ni Volkswagen Touareg iliyobandikwa nembo ya Porsche. Je, anasema kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana hoja, lakini inahitaji kupimwa kwa makini, kwa kuwa jibu linategemea unatazama sehemu gani ya gari.

Ukisimama kando ya Cayenne ya kizazi cha kwanza na Touareg, SUV ya Volkswagen iliyozaliwa katika ushirikiano huo huo, na kufungua milango, mwalimu atashinda, maana milango ni ile ile, na chesisi iliundwa kwa pamoja. Bodi za Cayenne zilitengenezwa katika kiwanda cha Volkswagen mjini Bratislava, Slovakia, zikasafirishwa kwa treni hadi Leipzig, na huko zikaunganishwa na injini. Lakini injini ya V8 ya lita 4.5 ilibuniwa na Porsche na kutengenezwa katika kiwanda chake cha Zuffenhausen, Stuttgart, mahali pale pale inapotengenezwa injini ya 911. Mfumo wa kugawa nguvu kwenye magurudumu manne nao ulipangwa kwa namna yake: katika hali ya kawaida asilimia 62 ya nguvu ilipelekwa nyuma na 38 mbele, na dereva anayejua gari linalosukumwa kutoka nyuma huhisi tofauti hiyo mara tu anapokanyaga mafuta akitoka kwenye kona. Matokeo yake ni kwamba Cayenne Turbo ya mwaka 2002, yenye uzito wa zaidi ya tani 2.3 na nguvu za farasi 450, ilifika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 5.6, jambo ambalo wakati ule lilionekana kinyume cha akili kwa gari la urefu huo.

Mwaka 2003 ilipoletwa Cayenne ya V6 ya lita 3.2, injini yake ilitoka Volkswagen, na hapo ninakubaliana na mwalimu wako kwa sehemu kubwa. Tangu kizazi cha tatu cha mwaka 2017, kazi yote ya kuunganisha Cayenne imehamia Bratislava.

Kwa kuwa unasomea ufundi, nakuomba ulitazame tatizo ambalo wahandisi hao walilazimika kulitatua, maana ndipo ustadi wao ulipo. Gari la michezo huwa chini kwa sababu uzito uliokaribu na lami haulivuti gari kulalia upande linapokata kona. SUV hubeba uzito wake juu, na ukiifunga springi ngumu ili isilale, abiria wataumia mgongo kwenye kila tuta. Porsche ilitumia springi za hewa zinazoweza kuinua gari hadi karibu sentimita 27 kutoka ardhini kwa ajili ya njia mbaya, kisha kulishusha lenyewe kadiri mwendo unavyoongezeka, na baadaye ikaongeza vyuma vya kuzuia gari kulala ambavyo hujikaza kwa nguvu ya mafuta ya haidroli pale tu kona inapohitaji, na kulegea barabara inaponyooka. Kazi ya namna hiyo ikiendelea kwa miaka ndiyo iliyoifikisha Cayenne Turbo GT, mwaka 2021, kuuzunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring wa kaskazini, nchini Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 38.9. Hilo haliletwi na nembo.

Hata hivyo, anayeshiriki jikoni na mwenzake hushiriki pia lawama. Injini ya dizeli ya lita 3.0 iliyoingizwa katika Cayenne mwaka 2009 ilitoka Audi, na kashfa ya udanganyifu wa moshi wa dizeli ilipolikumba kundi la Volkswagen, Porsche haikunusurika: mwaka 2017 serikali ya Ujerumani iliamuru Cayenne za dizeli zirudishwe kurekebishwa, mwaka 2018 kampuni ikatangaza kuachana na dizeli kabisa, na mwaka 2019 ikatozwa faini ya euro milioni 535. Wanunuzi walikuwa wamelipa bei ya Porsche wakiamini wanapata uaminifu wa Porsche, na mimi ninaliona hilo kuwa doa kubwa kuliko ubaya wowote wa sura ambao Cayenne ya kwanza ililaumiwa nao.

SWALI: Mhariri, ni haki kweli kwa kampuni ya magari ya lami kujitia kwenye magari ya matope? Porsche ina historia gani huko? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ninafurahi kwamba swali hili limetoka Nakuru, kwa sababu jibu lake liko kwenye barabara zenu. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara tatu: mwaka 1972 ikiendeshwa na Sobiesław Zasada wa Poland, mwaka 1974 na Björn Waldegård wa Sweden nyuma ya mshindi Joginder Singh, na mwaka 1978 na Mkenya Vic Preston Junior. Magari ya mwaka 1978 yaliinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini na kuwekewa mabati mazito chini ya tumbo, yaani kimo kinachokaribiana sana na kile ambacho Cayenne ilikuja kukifikia kwa springi zake za hewa. Ushindi wa Safari yenyewe Porsche haikuupata kamwe, ingawa ilishinda mbio za Paris hadi Dakar mwaka 1984 na 1986, na Waldegård alirudi Afrika Mashariki mwaka 2011 akashinda mashindano ya Safari ya magari ya zamani kwa 911. Cayenne nayo ilishinda mbio ndefu za Transsyberia, zilizopita katika Siberia, mwaka 2006 na 2007.

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya Porsche tumeona Lamborghini, Aston Martin na hata Ferrari wakifuata njia hiyo hiyo. Je, SUV imekuwa dawa kwa wote? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, na tofauti baina yao inafundisha.

Lamborghini ndiyo iliyovuna zaidi. Ilikuwa imekwisha kujaribu zamani kwa LM002, gari zito lenye injini ya V12 iliyotoka kwenye gari lake la michezo la Countach, lililotengenezwa kati ya mwaka 1986 na 1993 kwa idadi ya takribani 300 tu, bila mwenza wa kugawana naye gharama. Urus, iliyozinduliwa mwezi Desemba 2017, ilikuja katika mazingira tofauti kabisa: Lamborghini ilikuwa chini ya Audi, na chesisi ya gari hilo ni ya familia moja na Cayenne, Audi Q7 na Bentley Bentayga. Kampuni iliyouza magari 3,815 mwaka 2017 iliuza 8,205 mwaka 2019, na mwaka 2023 ikavuka 10,000 kwa mara ya kwanza.

Ferrari imechagua njia ya kujizuia. Purosangue ya mwaka 2022 ina milango minne, injini ya V12 ya lita 6.5 na giaboksi iliyowekwa nyuma ili kusawazisha uzito, na kampuni imesema haitaliruhusu gari hilo kuzidi sehemu ya tano ya magari yake yote. Ni uamuzi ambao ni kampuni yenye foleni ya wateja tu inayoweza kuumudu.

Aston Martin ndiyo inayonihuzunisha. DBX, iliyooneshwa mwezi Novemba 2019 na kutengenezwa St Athan huko Wales, katika majengo yaliyokuwa ya jeshi la anga la Uingereza, ni gari zuri kwa kila kipimo ninachokijua. Lakini kampuni ilikuwa imeingia sokoni kuuza hisa mwaka 2018 ikiwa na madeni, bei ya hisa ikaanguka, na mapema mwaka 2020 ilibidi bilionea Lawrence Stroll na wenzake waingize fedha kuinusuru, kabla hata DBX ya kwanza haijamfikia mteja. Tangu hapo SUV hiyo imeuzwa, na hasara zimeendelea. Linganisha na Porsche: kule rafu zilikatwa kwanza, gari likafuata miaka kadhaa baadaye. Huku walitarajia gari lifanye kazi ya msumeno.

SWALI: Mhariri, nimepata Cayenne S ya mwaka 2005 hapa mjini kwa bei isiyozidi ile ya Toyota Harrier, na mume wangu ameipenda mno. Mimi nina wasiwasi. Tununue? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, dada yangu. Bei ya kununua imeshuka lakini gari halijageuka kuwa la bei nafuu, kwa sababu spea zake bado zinauzwa kwa thamani ya gari lilipokuwa jipya.

Jambo la kwanza ni mabomba ya maji. Katika V8 ya lita 4.5 ya miaka hiyo, mabomba yanayopitisha maji ya kupoza injini ni ya plastiki, na yamelazwa katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifodi (sehemu inayoingiza hewa kwenye injini), mahali penye joto kali kuliko pote. Baada ya miaka plastiki hukauka kama ganda, kisha hupasuka ghafla, mara nyingi bila dalili, na maji humwagika juu ya stata iliyofichwa hapo hapo. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo jua likiwaka, injini inaweza kuungua kabla hujapata pa kusimama. Porsche ilitoa mabomba ya aluminiamu ya kubadilishia. Mwulize muuzaji kama yamekwisha kuwekwa, na usiridhike na neno lake. Mtake risiti, au fundi amulike kwa tochi nyuma ya manifodi uone chuma kwa macho yako. Kama bado ni ya plastiki, yabadilishe kabla ya safari yoyote ndefu, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, washa injini ikiwa imelala usiku kucha na usikilize mlio wa kugonga unaofuata mizunguko ya injini, kwa kuwa baadhi ya V8 hizo huchubuka kuta za silinda. Fundi mwenye kamera ndogo anaweza kutoa plagi na kutazama ndani. Ukiona mikwaruzo ya wima, ondoka, hata kama rangi ya gari inang'aa namna gani. Tatu, mtetemo unaogonga chini ya viti unapokanyaga mafuta ni dalili ya mpira wa beringi ya katikati ya propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kuchanika, na huo si ugonjwa wa kutisha. Nne, kama lina springi za hewa, liache limeegeshwa usiku na uangalie asubuhi kama kona moja imekaa chini. Tano, inua mazulia ya mbele na uguse kwa mkono: mifereji ya kutoa maji ya mvua kwenye paa na chini ya kioo huziba kwa majani, na maji huingia hadi sakafuni, ambako betri na nyaya nyingi zimewekwa chini ya kiti.

Kununua gari lililokwisha kusajiliwa nchini kuna unafuu mmoja, kwa kuwa anayeagiza gari la umri huo kutoka nje hutozwa Tanzania ushuru wa ziada wa uchakavu unaopanda gari linapozidi miaka 8 na tena linapozidi 10, na ndugu zetu wa Kenya hawaruhusiwi kabisa kuagiza gari lililozidi miaka 8.

Ushauri wangu ni huu: mwambie mume wako atafute Cayenne ya kuanzia mwaka 2007, ambayo ina injini ya lita 4.8 na mabomba yasiyo na ugonjwa ule wa plastiki, ingawa kipimo cha kamera kwenye silinda ni lazima hapo pia. Na kama moyo wake umeganda kwenye hii ya 2005, basi kabla ya kutoa fedha mpelekeni fundi mnayemwamini alikague siku nzima, na muwe mmetenga kando angalau theluthi ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama fedha hiyo haipo, chukueni Harrier.